Jinsi ya kuanza kutembea siku za kazi ukiwa Dar: anza na njia, miguu itafuata

Wiki hizi nimekuwa nikimsaidia dada mmoja wa uhasibu, ofisini kwetu Posta, aingize matembezi kwenye siku yake ya kazi. Shida zake ni za wengi wetu: kiuno kinauma, macho yanawasha kwa kompyuta, na ikifika saa nane mchana usingizi unamzidi nguvu mbele ya hesabu za watu. Alishajaribu kutembea mara kadhaa akaacha, akajiona mvivu. Si mvivu hata kidogo. Alikuwa anatembea saa mbaya kwenye barabara mbaya, na kwa jua letu mtu yeyote akifanya hivyo ataacha. Ndiyo maana humu nimeongea sana habari za njia.

Kama bado unajiuliza faida yake, kisa ninachokipenda ni cha makonda wa London. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Dereva na konda wako kwenye basi moja, mwajiri mmoja. Ila dereva amekaa kutwa, konda anapanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Makonda ndio walioonekana kupatwa na maradhi ya moyo kidogo zaidi. Sisi wa ofisini tumekaa kiti cha dereva, na wengi wetu tunakuja kazini tumekaa, tunarudi nyumbani tumekaa.

Hatua ya 1: Chagua saa moja tu

Asubuhi kabla ya kuingia ofisini, baada ya chakula cha mchana, au jioni ukitoka. Chagua moja, uishikilie. Mimi nasimama na asubuhi. Mwanga wa ofisini huwa kama lux 300 hadi 500 (lux ni kipimo cha mwanga), wakati nje, hata kukiwa na mawingu, unapata maelfu, na mwanga huo wa mapema ndio unaouambia mwili kuwa kumekucha, ili usiku usingizi uje kwa wakati wake. Kwa anayesinzia saa nane kama huyu dada, dakika kumi au kumi na tano baada ya kula zinasaidia zaidi, kwa sababu misuli inayotembea inaichukua sukari iliyotoka kwenye ule wali maharage badala ya kuiacha ipande kwenye damu.

Mwenye presha, sukari au tatizo la moyo amwone daktari kwanza. Na ukisikia kifua kinabana au kizunguzungu, simama, kaa kivulini, tafuta msaada.

Hatua ya 2: Viatu

Raba za kawaida, zikae chini ya meza yako ofisini. Basi. Usitembee na makubazi wala viatu vya kisigino.

Hatua ya 3: Tafuta njia (hapa usiwe na haraka)

Watu wanaoacha matembezi wanaachia hapa.

Anza na kivuli. Dar tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na kuelekea katikati ya Oktoba. Siku hizo mchana ghorofa hata liwe refu namna gani halina kivuli cha maana. Fuata miti tu. Juni na Julai jua limelalia kaskazini, hivyo mtaa unaokwenda mashariki na magharibi unapata kivuli upande ule wenye majengo ya kaskazini. Desemba ni kinyume chake, ila kivuli ni chembamba zaidi. Jioni kuanzia saa kumi mambo yanabadilika: tafuta mtaa unaokwenda kaskazini na kusini, upite chini ya majengo ya upande wa magharibi. Ukilijua hili, mtaa uleule uliokushinda unaweza kupitika kwa kuvuka upande wa pili tu.

Halafu upepo. Msimu wa kusi, kuanzia kama Mei hadi Septemba, hata saa saba mchana mtu anaweza kutembea akarudi ofisini bila shati kulowa. Msimu wa kaskazi, hasa Januari na Februari, hewa ina unyevu mwingi, jasho halikauki, na kutembea mchana ni kujitesa. Miezi hiyo hamia asubuhi. Wala usibishane na hali ya hewa kwa kujitia ushujaa.

Tatu, angalia unapokanyaga. Njia nyingi za miguu mjini zimejengwa juu ya mitaro, na mifuniko yake mingine imevunjika au haipo kabisa. Ule mfuniko unaolia *kong* ukiukanyaga haujakaa sawa. Leo umekubeba wewe, kesho unaweza kumtumbukiza mwingine. Upite pembeni. Pasipo na njia ya miguu, tembea upande wa kulia ili magari yaje yakikutazama, maana kwetu gari linapita kushoto. Bodaboda hazifuati utaratibu huo, zinapanda hata njia ya miguu na kukutokea mgongoni, kwa hiyo masikio yawe wazi. Spika za masikioni ziache ofisini. Simu nayo iwe mfukoni, kwani ukiishika mkononi kando ya barabara unamwalika mwizi wa pikipiki.

Nne, hesabu vivuko. Kila barabara kubwa unayovuka inakula dakika na inakupandisha moyo bure, kwa kuwa si kila dereva anasimama penye pundamilia. Njia bora ni mzunguko unaozunguka mitaa bila kuvuka barabara kuu. Napenda mzunguko kuliko kwenda na kurudi: huoni kitu kilekile mara mbili, na ukifika nusu huna njia ya mkato ya kukushawishi urudi. Kaa mbali pia na barabara za foleni, moshi wake hauna faida kwa mtu anayehema. Kama uko Mikocheni au Mbezi, ingia mitaa ya ndani.

Njia ukishaipata, ipite mara moja kwa majaribio saa ileile utakayoitembea, siku ya kazi. Jumapili asubuhi mtaa mzima ni wako. Jumatano saa saba wamachinga wameshapanga bidhaa, magari yameegeshwa juu ya njia ya miguu, na mama ntilie ameweka benchi pale ulipodhani utapita.

Kwa walioko Posta, mchana nawapeleka upande wa Makumbusho ya Taifa na bustani ya mimea, iliyoanzishwa enzi za Wajerumani. Miti ya huko ni mikubwa na kivuli chake ni cha kweli. Asubuhi na jioni, Barabara ya Barack Obama kando ya bahari, kupita Hospitali ya Ocean Road, haina mpinzani kwa upepo. Ukiwa maeneo ya Ikulu usitoe simu kupiga picha, na askari akikuelekeza upande mwingine, fuata. Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, lina urefu wa zaidi ya kilomita moja na njia ya waenda kwa miguu, na jioni linakufikisha hadi Coco Beach. Ila halina mti hata mmoja. Mchana liache.

Hatua ya 4: Mwendo

Kipimo ni mdomo wako: unaweza kuongea, lakini kuimba huwezi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa namna hiyo kwa mtu mzima, yaani nusu saa kwa siku tano. Unaweza kuzigawa. Programu za kuhesabu hatua sizipendi. Ile namba ya hatua 10,000 ilienea kutokana na kifaa kilichouzwa Japani katikati ya miaka ya 1960, na nimeona watu wanaacha kwa sababu wamefika 6,000 wakajiona wameshindwa.

Ukiwa njiani tazama mbali: meli inayosubiri kuingia bandarini, ncha za minazi. Msuli wa jicho uliokazana na kioo tangu asubuhi unalegea ukitazama mbali.

Hatua ya 5: Peleka kazi barabarani, lakini si kila kazi

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marily Oppezzo na Daniel Schwartz, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa watu wakitembea hutoa mawazo mapya mengi kuliko wakiwa wamekaa. Ila kwenye maswali yenye jibu moja tu sahihi, kutembea hakukuwasaidia. Basi kulinganisha hesabu za benki kubaki mezani. Peleka nje yale ya kuwaza: namna ya kuanza ripoti, mteja aliyekasirika, ratiba iliyogoma kukaa sawa.

Kikao cha kutembea kiwe cha watu wawili. Wakifika watatu mmoja anabaki nyuma, njia zetu ni nyembamba. Mkubaliane jambo moja kabla ya kutoka, na mkirudi, kabla hamjakaa, kila mtu aandike mstari mmoja wa mlichoamua. Habari za mishahara na siri za wateja msizitaje njiani.

Kwa bosi usiende na hotuba. Mwambie, "Mzee, lile suala la jana naomba tuliongee tukitembea, dakika kumi tu." Mkubwa aliyekaa vikao tangu asubuhi huwa anakubali upesi kuliko unavyodhani.

Mvua na mfungo

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, tumia korido na ngazi za jengo, na mvua ikikatika toka hata kwa dakika tano, ukikwepa maji yaliyotuama kwa sababu huoni mtaro ulipo. Mwezi wa Ramadhani aliyefunga asitembee mchana. Nusu saa ya mwisho kabla ya futari, kwa mwendo wa taratibu, inatosha, au baada ya tarawehe kama mtaa wenu una taa. Huyu dada amechagua kabla ya futari, kwa kuwa maji yanakuwa karibu.