Kabla hujaulizwa "kwa mwezi utaweza ngapi?"

Nimeuza magari miaka tisa, mapya na yaliyotumika, na miaka yote hiyo swali langu la kwanza kwa mteja lilikuwa hilohilo: "Bosi, kwa mwezi utaweza ngapi?" Lilisikika kama huruma. Kumbe ndilo lililoniingizia kamisheni kuliko maneno mengine yote niliyofundishwa. Mteja akishataja kiasi chake cha mwezi, bei ya gari imetoka mezani. Kuanzia hapo kazi yangu ni moja tu, kuongeza miezi mpaka kile kiasi kienee.

Sasa siuzi tena. Ndugu na marafiki wakitaka gari hunivuta niwasindikize, na haya ndiyo ninayowaambia tukiwa njiani.

Hesabu kwanza

Chukua mkopo wa 10,000, weka sarafu yoyote uitakayo. Riba ni 12% kwa mwaka, inapigwa kwenye deni lililobaki. Ukilipa kwa miezi 36, kila mwezi unatoa 332 na senti kidogo, na ukimaliza umelipa karibu 11,960. Ukipewa miezi 72, rejesho linashuka hadi 195 na nusu, roho inatulia, ila jumla inafika karibu 14,080. Gari ni lilelile, riba imezidi mara mbili.

Na kuna 12% ya aina nyingine, ile inayopigwa kwenye mkopo wote tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, hata kama nusu umeshairudisha. Hapo mkopo wetu wa 10,000 kwa miezi 36 unazaa riba ya 3,600, na rejesho ni karibu 378. Ukiigeuza iwe riba ya deni linalopungua, unakuta ni kama 21%. Muuzaji aliyekwambia "asilimia kumi na mbili" hajasema uongo. Wewe ndiye hukuuliza ni 12% ya nini. Kwa hiyo uliza hivi, neno kwa neno: "Nikilipa rejesho la mwisho, jumla nitakuwa nimetoa shilingi ngapi, senti ngapi, kila kitu?" Halafu nyamaza umwache apige hesabu. Akianza tena habari za kwa mwezi, rudia swali.

Daftari la mwalimu

Mteja aliyenishinda vizuri kuliko wote alikuwa mwalimu mstaafu. Alikuja na daftari la hesabu, la miraba, na kalamu mbili, na alikuwa na gari la zamani la kutuachia ili aongezee pesa achukue jipya. Kwa muuzaji, mteja wa namba tatu ni karamu: bei ya gari jipya, thamani ya gari lake la zamani, na mkopo. Ukizichanganya, unaweza kumfurahisha kwenye moja ukamrudia kwenye nyingine. Unalipa gari lake kuukuu kwa bei ya kumfanya atabasamu, kisha unamnyima punguzo la jipya, naye anatoka akiwasimulia watu alivyotuweza.

Nikaanza kama kawaida. "Mwalimu, kwa mwezi utaweza ngapi?"

"Mwanangu, hilo tutafika. Hili gari, mtu akija na pesa zote mkononi na hana gari la kuwaachia, mnamuuzia ngapi?"

Nikataja. Akaandika, akapiga mstari chini yake. "Haya. Sasa mtu akija hataki kununua kitu, anataka tu kuwauzia gari kama langu?"

Nikacheka, kwa sababu nilijua nimekwisha. Nikataja. Akaandika pembeni, si chini. Hakutaka namba hizo zikutane bado. Kisha akatoa karatasi ya benki yenye riba aliyokwisha kukubaliwa, akaiweka juu ya daftari na kuuliza kama sisi tunaweza kushinda hapo. Hatukuweza, na mambo ya mkopo yakaishia hapo.

Fanya alivyofanya. Namba tatu, mazungumzo matatu, na usihamie la pili kabla la kwanza halijaandikwa. Benki au chama chako cha akiba na mikopo kitembelee kabla ya kwenda kutazama magari, maana mtu aliyeshika riba mfukoni hababaishwi. Gari lako la zamani nalo liulizie kwa wanunuzi wawili watatu wengine kwanza.

Kisha omba karatasi moja yenye bei ya kuondoka nalo: gari, kodi, usajili, usafirishaji, maandalizi, kila ada. Bei ya kwenye kioo na bei ya kuondoka nalo ni watu wawili tofauti. Marekani waliona mbali. Tangu sheria ya mwaka 1958, iliyosukumwa na seneta Mike Monroney, kila gari jipya lazima libandikwe kwenye kioo karatasi ya bei iliyopendekezwa na kiwanda pamoja na bei ya kila nyongeza iliyofungwa kiwandani. Mpaka leo karatasi hiyo wanaiita kwa jina la seneta. Hata huko lakini ada za ofisini haziandikwi pale, zinakusubiri ndani. Kwa hiyo mstari kama "maandalizi" au "nyaraka" uwekee kidole na uulize ni kazi gani iliyofanyika. Nilipoulizwa na mwalimu nilijibu kwamba gari huoshwa na kukaguliwa. "Kwani mlitaka kuniuzia chafu?" Ada ikafutwa.

"Ngoja nimwone meneja"

Nitasema na hili, wenzangu wanisamehe. Mara nyingi nilipoingia kwa meneja kukuombea punguzo, nilikuwa najua jibu kabla sijasimama. Nilikaa, nikanywa maji, meneja akaniuliza habari za mpira, tukahesabu dakika kumi. Kadiri unavyosubiri ndivyo unavyochoka, na mtu aliyechoka husaini. Dawa yake ni nyepesi: shiba kabla ya kwenda, acha watoto nyumbani, na muuzaji akinyanyuka, nawe nyanyuka. Toka nje kalitazame gari tena. Ikifika saa ya pili hamjaelewana, chukua namba yake uende. Hutapigiwa simu siku zote, lakini mimi nilipiga nyingi.

Watu hupenda kuambiana waende mwisho wa mwezi. Kuna ukweli: tuna malengo ya mauzo, na gari moja tu linaweza kulivusha duka hadi kwenye bonasi ya kiwanda. Ila kama lengo limeshafikiwa tarehe 20, tarehe 30 haina maana yoyote. Msingi ni bei uliyoichunguza mwenyewe, tarehe ni bahati.

Muuzaji naye anakula wapi

Wengi hudhani gari jipya lina faida nono. Mara nyingi halina. Faida imelala kwenye mkopo, bima, dhamana ya ziada ya matengenezo, mazulia, dawa ya kulinda rangi, na baadaye kwenye gereji. Ndiyo maana mtu anagombea punguzo la gari saa tatu nzima, kisha kwenye meza ya mwisho, ile ya kusaini, anakubali nyongeza nne kwa dakika tano na kurudisha punguzo lote bila kujua. Nyongeza zote zikatae siku hiyo. Ile unayoihitaji kweli utaipata kesho, pengine kwa mtu mwingine kwa bei nafuu.

Lakini usimkamue muuzaji mpaka tone la mwisho. Ukishapata bei nzuri, kubali, mpe mkono. Utamhitaji siku taa ya injini itakapowaka na gereji yao inasema nafasi ipo baada ya wiki tatu. Wapo walionitukana kwa ajili ya zulia la buti, na wapo walionisalimia kwa jina. Nadhani unajua simu za akina nani nilizipokea Jumapili.

Huduma ipime kabla ya kununua. Siku moja kabla ya kwenda, piga simu idara ya gereji kama mtu mwenye gari lao, uliza lini utapata nafasi ya servisi na wanachukua muda gani kupata spea. Wanavyokujibu hapo ndivyo utakavyojibiwa ukishalipa. Joe Girard, Mmarekani aliyeuza magari 13,001 kwenye duka la Chevrolet kati ya 1963 na 1978, alikuwa akiwatumia wateja wake kadi ya salamu kila mwezi. Sisemi utafute mtu wa kadi. Tafuta anayejua kwamba gari lako la pili na la shemeji yako yana thamani kuliko ada ya "maandalizi". Muulize amekaa hapo miaka mingapi.

Usiamini kwa maneno unachoweza kukitazama mwenyewe

Kwa gari lililotumika, ahidi kufika saa nne, fika saa tatu. Gusa boneti. Ikiwa ya moto, kuna mtu ameiwasha injini mapema, na injini iliyopashwa huficha moshi wa asubuhi, milio, na uzito wa kuwaka. Nilishaambiwa niwashe hivyo, nikawasha. Sema tu, "Nitarudi likipoa," na urudi kweli.

Ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari linalodaiwa kuwa na miaka miwili likiwa na tairi za miaka saba, kuna simulizi hujapewa. Kanyagio la breki lililolika mpira na usukani unaong'aa kama kiatu haviendani na kilomita 30,000. Namba ya chesisi ina herufi na tarakimu 17, na haina I, O wala Q. Isome chini ya kioo cha mbele au kwenye nguzo ya mlango, uilinganishe na hati mwenyewe, herufi kwa herufi. Kwa namba hiyo utauliza pia kwa kiwanda kama gari liliwahi kuitwa kurekebishwa na kama kazi ilifanyika. Mwisho lipeleke kwa fundi wako. Si fundi aliyependekezwa na duka. Muuzaji akikataa fundi wako asiliguse, ameshakujibu. Aga vizuri uondoke.

Siku ya kulichukua

Nenda mchana, mvua isiwepo, maana maji huficha mikwaruzo. Lizunguke polepole, fungua buti, inua zulia, angalia tairi la spea na jeki. Taa zote, waipa, vioo vya madirisha, kiyoyozi. Kisha fungua karatasi ya bei mliyokubaliana na uilinganishe na mkataba mstari kwa mstari, na chochote ulichoahidiwa kwa mdomo kiandikwe chini na kisainiwe na meneja. Maana muuzaji anaweza kuhama. Mimi mwenyewe nilihama nikaacha ahadi zisizopungua kumi hewani, na aliyekaa kwenye kiti changu hakuzijua, wala hakuwa na sababu ya kuzijua.

Mwombe funguo wa pili kabla kalamu haijagusa karatasi. Utaambiwa uko stoo, au kwa aliyeleta gari, utakuja kesho. Basi na saini ije kesho.