Somo: Namna ya kutaja jeraha la mchezaji ili asiyekuwepo uwanjani alione

Salaam kwenu makocha, wasaidizi wa timu na wazazi mnaosimama pembeni ya viwanja vyetu vya Tanga kila jioni.

Golikipa wetu wa timu ya vijana aliwahi kuangukia kiganja kwenye kiwanja cha mchanga huku Ngamiani. Sikuweza kumsindikiza kituo cha afya, nikamwandikia kikaratasi: "Anaumia nje ya kifundo cha mkono." Nilikusudia upande wa kidole gumba. Aliyekipokea akaelewa ni upande wa mgongo wa kiganja, akapakagua, akaona pazima, akampa dawa ya maumivu. Wiki tano zikapita mkono haujapona. Ndipo picha ya eksirei ilipoonyesha kuwa kijifupa kilicho chini ya gumba kimevunjika. Msimu ule kijana hakudaka tena. Neno "nje" niliandika mimi, na ndilo linalonifanya nilifundishe somo hili kila ninapopata nafasi.

Hatua ya 1: Msimamishe kwanza kichwani mwako

Majina yote ya pande za mwili huanzia kwenye msimamo mmoja. Mtu amesimama wima, uso mbele, mikono imeshuka ubavuni, viganja vimeelekea mbele. Hata kama mchezaji amelala matopeni, mtaje kana kwamba amesimama hivyo.

Wavuvi wa Sahare hawapati tabu na jambo hili. Ngalawa ikivutwa kinyumenyume hadi ufukweni, omo inabaki omo na tezi inabaki tezi. Hakuna baharia anayebadilisha jina eti kwa sababu yeye amesimama upande mwingine. Na mwili ni vivyo hivyo. Kushoto ni kushoto kwa mchezaji, si kwako wewe unayemtazama usoni.

Hatua ya 2: Pande

Mbele madaktari huita anteria, nyuma posteria. Hapo hapana utata. Utata uko kwenye ndani na nje. Chora mstari kutoka puani hadi kitovuni, ushuke katikati ya miguu. Kilicho karibu na mstari huo ni ndani, yaani mediali. Kilicho mbali nao ni nje, yaani laterali. Mgongo wa kiganja basi si "nje", ni nyuma. Laiti ningeandika "upande wa gumba"!

Kwa mikono na miguu ongeza shina na ncha. Tazama jani la mkonge: kuna sehemu inayoshikana na mmea, na kuna ncha yenye mwiba. Sehemu ya kiungo iliyo karibu na kiwiliwili ni proksimali, iliyo mbali ni distali. Goti ni distali kwa nyonga, lakini ni proksimali kwa kifundo cha mguu. Kile kijifupa cha golikipa wetu hupata damu yake nyingi kupitia upande wa ncha, ikirudi kuelekea shina. Kikivunjika katikati, kipande cha upande wa shina kinaweza kukosa damu na kisiunge. Kwa hiyo daktari akiuliza "proksimali au distali?" anataka kujua kama mfupa una nafasi nzuri ya kupona.

Kuhusu mlalo, Kiswahili kinatutosha kabisa: chali, kifudifudi, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto.

Hatua ya 3: Mwendo wa kiungo

Kukunja ni fleksheni, kunyoosha ni ekstensheni. Mtu akiwa kwenye rukuu, nyonga zimekunjwa na magoti yamenyooka. Ukiwa hapo utausikia msuli wa nyuma ya paja unavutwa juu na chini kwa pamoja. Winga anayekimbia kwa kasi hufika karibu na hali hiyohiyo mguu unapotangulia mbele kabla haujakanyaga, na hapo ndipo msuli huo huchanika mara nyingi.

Kutanua mkono au mguu kwenda pembeni ni abdaksheni. Kuurudisha katikati ni adaksheni. Sikilizeni maneno hayo mawili yanavyofanana, kisha fikirini simu yenye mawimbi. Mimi siyatumii kwenye simu. Nasema "ametanua" au "amerudisha", basi.

Viganja vikiangalia juu kama vya mwomba dua, hiyo ni supinesheni. Ukivifudikiza, ni pronesheni. Kwa kifundo cha mguu, mkumbuke fundi akikanyaga cherehani: vidole vikishuka ni plantafleksheni, vikipanda na kisigino kikashuka ni dosifleksheni. Unyayo ukigeukia mguu mwenzake ni invesheni, na hivyo ndivyo vifundo vingi huteguka. Ukigeukia nje ni evesheni.

Hatua ya 4: Ujumbe wenyewe

Taja umri, kiungo na upande wake, kiungo kilikwendaje, panapouma, na asichoweza kufanya. Mfano: "Miaka 16. Kifundo cha mguu wa kulia. Alitua vibaya baada ya kupiga kichwa, vidole vikiwa chini, unyayo ukageukia ndani. Uvimbe uko nje, mbele kidogo ya jicho la mguu. Anapiga hatua nne akichechemea." Hujataja ugonjwa wowote, na daktari ameshaanza kufikiria kano ya mbele upande wa nje.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Niko Pongwe. Nitajuaje kama kifundo kinahitaji picha au ni barafu tu?*

Marahaba, mwanangu. Zipo kanuni za Ottawa, zilizotungwa Kanada na kuchapishwa mwaka 1992. Bonyeza mfupa wa jicho la mguu la nje na la ndani, kwenye ncha yake na ukingo wake wa nyuma, sentimita 6 za mwisho. Bonyeza pia kitako cha mfupa unaoelekea kidole kidogo, na ule mfupa uliotokeza ndani katikati ya mguu. Pakiuma mfupani sehemu yoyote kati ya hizo, au alishindwa kupiga hatua nne mara tu baada ya kuumia na bado anashindwa mbele ya daktari, apigwe picha. Kwa watoto wadogo usizitegemee, mpeleke tu.

*Kaka, beki wangu alipigwa teke nje ya goti, lakini analia maumivu ya ndani. Anadanganya?*

Hadanganyi, ndugu yangu. Teke la nje lilisukuma goti kuelekea ndani, likafunguka upande wa ndani, na kano ya huko ndiyo iliyovutika. Andika yote mawili: alipopigwa na panapouma. Asirudi mchezoni leo.

*Mwalimu, huku Makorora mchezaji aliinua mkono pembeni, mwenzake akaupindua kwa nyuma, bega likatoka. Tulirudishe wenyewe?*

Hapana, tafadhali. Mkono uliotanuliwa na kuzungushwa nje ndio mwendo unaotoa bega kwa mbele, na mabega mengi hutoka upande huo. Kuna neva inayopita jirani, na huenda mfupa nao umevunjika. Ufungeni mkono ulivyo, kwa kanga au leso. Mguse ngozi ya nje juu ya bega umuulize kama anahisi, na jibu lake mwende nalo hospitali.

*Akianguka kifudifudi baada ya kugongana vichwa, na haitikii, nimgeuze chali?*

Angalia pumzi kwanza. Akipumua vizuri na njia ya hewa iko wazi, mwacheni alivyo, mmoja ashike kichwa kisitikisike, mwingine aite msaada. Asipopumua, au ukiwa na shaka, mgeuzeni chali mara moja: mmoja kichwani ndiye anayehesabu, wengine begani, nyonga na miguuni, ageuke kama gogo moja, shingo isipinde. Kisha anza kubonyeza kifua. Pumzi inatangulia shingo. Nawaomba mfanye mazoezi ya kugeuza kabla ya mechi ya Jumamosi, kila mtu ajue anashika wapi.