Kutengeneza PHB kwa molasi: maelekezo ya maabara

PHB (polihidroksibutireti) ni plastiki inayooza, na kwa bakteria ni akiba ya chakula. Bakteria akipata sukari tele huku nitrojeni ikiwa haba, hushindwa kuongezeka, basi sukari iliyobaki huigeuza chembe za plastiki mwilini mwake. Maurice Lemoigne wa Taasisi ya Pasteur, Ufaransa, alieleza jambo hili mwaka 1926 kwa Bacillus megaterium. Tumia bakteria huyohuyo. Bakteria mwingine, Cupriavidus necator, hulimbikiza zaidi, ila sukrosi ya molasi inamshinda.

Kwa lita 1 ya maji safi: molasi gramu 40 (karibu nusu ni sukari), amonia salfeti gramu 1, fosfeti mbili (Na2HPO4 gramu 3.5, KH2PO4 gramu 1.5) na magnesi salfeti gramu 0.2. Usiongeze amonia, molasi ina nitrojeni yake, na ikizidi utavuna bakteria wengi wasio na plastiki. Rekebisha pH iwe 7. Chemsha kwenye otoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo cha kuua vijidudu) kwa nyuzi 121, dakika 15, ukitenga molasi, fosfeti na magnesi. Vikichemshwa pamoja huacha mashapo.

Weka mililita 50 tu kwenye chupa ya mililita 250, kwani hewa ni lazima. Pandikiza mililita 2.5 za mbegu (bakteria waliooteshwa usiku mmoja), kisha tikisa kwa nyuzi 30, mizunguko 180 kwa dakika.

Kuanzia saa ya 24, paka sampuli rangi ya Sudan Black uitazame kwenye hadubini kila baada ya saa 6. Seli zikijaa vitone vyeusi, vuna papo hapo. Ukiona viduara ving'aavyo visivyoshika rangi, hizo ni spora, yaani hali ya bakteria ya kujihifadhi: bakteria wameanza kuila akiba, na kila saa unayongoja plastiki inapungua.

Zungusha kwenye sentrifuji (nguvu mara 6,000 ya mvutano wa dunia, dakika 15), osha kwa maji, kisha loweka seli katika sodiamu haipokloraiti (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo) ya asilimia 5, nyuzi 37, saa 1. Osha kwa maji mara mbili kabla ya kugusa asetoni, maana asetoni na klorini havipatani. Suuza kwa asetoni, yeyusha kwa klorofomu ya moto ndani ya kabati la kuvuta hewa, chuja, umimine kwenye sahani ya kioo, uache klorofomu ikauke humo kabatini. Sahani ya plastiki itayeyuka.

Utando mweupe unaovunjika ukikunjwa ni kawaida ya PHB. Ukisagika kama chaki, haipokloraiti imekata minyororo ya molekuli za plastiki: jaribu kuloweka kwa dakika 30.