SOMO: Jinsi ya kuiagiza akili mnemba ikuchoree picha unayoitaka

Wakuu, habari za leo. Wengi mnalalamika kwamba mkiandika agizo, au prompti kama tulivyozoea kuiita, picha inatoka ya ajabu. Leo nitafundisha kwa kazi moja tu: bango la dada mmoja anayeuza vitumbua Magomeni.

Hatua ya 1: Nani, anafanya nini, yuko wapi

Agizo langu la kwanza lilikuwa "Mama anauza vitumbua". Nikaletewa mama anatabasamu mbele ya sinia la donati, zina tundu katikati na sukari juu. Mashine hizi zimefunzwa kwa picha nyingi mno zenye maelezo, na sehemu kubwa ya maelezo hayo ni ya Kiingereza. Kitumbua humo ni adimu, basi mashine ikashika kilichofanana nacho.

Hatua ya 2: Taja umbo, usitegemee jina

Hapa ndipo penye kazi. Jifanye unamweleza mchoraji hodari ambaye hajawahi kukanyaga Pwani. Nikaandika upya:

"Mwanamke wa makamo ameketi kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa. Juu ya jiko kuna kikaango cheusi cha chuma chenye vishimo saba vya duara. Kila kishimo kina andazi dogo la unga wa mchele, limevimba katikati, kahawia ukingoni, jeupe kiasi juu. Anageuza moja kwa kijiti chembamba. Nyuma yake kibaraza cha saruji."

Donati zikatoweka. Vishimo vilitoka tisa, lakini kuhesabu si fani ya mashine hizi.

Nguo nayo ilinisumbua. Ukipitisha neno "kanga" kwenye programu ya kutafsiri unaweza kuletewa ndege mwenye madoa. Andika hivi: kitambaa cha pamba cha mstatili, pindo pana pande zote nne, ua moja kubwa katikati, kimoja amejifunga kiunoni na cha pili amejitanda mabegani. Jina la kanga usiiachie mashine iliandike. Herufi zitavurugika, na methali iliyovurugika kwenye kanga inaweza kuwa tusi! Acha nafasi tupu, maneno uyaweke mwenyewe baadaye kwenye Canva, programu ya kutengenezea mabango.

Hatua ya 3: Mwanga

Niliandika "saa mbili asubuhi", nikatafsiri, nikapata mama anakaanga vitumbua usiku wa manane chini ya taa ya barabarani. Saa zetu huhesabiwa tangu jua linapochomoza. Mashine inahesabu za kizungu. Tangu siku hiyo sitaji saa. Naandika "jua changa linaingia kutoka kushoto, vivuli virefu, moshi mwepesi unapanda".

Hatua ya 4: Kamera na kipimo

Sema picha inapigwa kutoka wapi: karibu, usawa wa macho, au kutoka juu. Kipimo, yaani upana kwa urefu, ni 4:5 kwa Instagram, 9:16 kwa status ya WhatsApp. Mnaotumia Midjourney, mojawapo ya mashine hizi za kuchora, mwandike --ar 4:5 mwishoni mwa agizo. Maneno kama "kali sana, bora kabisa, ya kuvutia" mimi nimeyaacha. Hayamwambii mchoraji achore nini.

Hatua ya 5: Badilisha kitu kimoja kwa wakati

Ukibadili mwanga, nguo na kamera kwa mpigo, hutajua kipi kimeharibu. Chombo chako kikiwa na namba ya mbegu, yaani seed, namba inayoanzisha mchoro, ishikilie ileile huku unabadili neno moja moja.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, kuna wanaosema tuandike Kiingereza tu. Ni kweli?

Jibu: Inategemea chombo. Stable Diffusion, mashine nyingine ya kuchora, ile ya mwaka 2022 ilisoma vipande 77 tu vya maneno, na neno la Kiswahili hukatwa vipande vingi kuliko la Kiingereza. Agizo refu linaishia njiani. DALL-E 3, mchoraji aliyeingia kwenye ChatGPT mwaka 2023, ilielewa Kiswahili. Ila ililipanua agizo lako yenyewe kabla ya kuchora, kwa hiyo ulikuta vitu ambavyo hukuviomba.

Swali: Mwalimu, mie naandika "bila sukari" na sukari inakuja tu.

Jibu: Kulitaja neno ndiko kunakoiita, dada. Kwenye Stable Diffusion kuna kisanduku chake cha vitu usivyotaka, na Midjourney ina --no, unaiandika mwishoni pamoja na jina la kitu usichokitaka. Kwingine eleza kilichopo: "juu patupu, pana mafuta kidogo".

Swali: Na mkono ukitoka na vidole sita je?

Jibu: Upe mkono kazi ya kushika kitu, au chagua hapo tu pachorwe upya. Usitupe picha nzima.

Swali: Dada yangu pia anauza vitumbua, huku Mombasa. Naweza kuweka hivi vya kompyuta kwenye menyu yake?

Jibu: Hapo mimi sikubali, ndugu yangu. Mteja atanunua alichokiona. Ile picha ya vishimo tisa nimebaki nayo ya kufundishia. Dada wa Magomeni nilimwambia apige vitumbua vyake kwa simu, karibu na dirisha, kisha mashine ikachora kibaraza na moshi tu. Kimoja kimeungua upande. Tumekiacha.