Kumwalika mzazi Ufaransa ukiwa unaishi kijijini: kimya cha mairie ni jibu

Naishi kwenye komuni (eneo dogo la utawala lenye meya wake) yenye watu wasiofika 400 huko Creuse, katikati ya Ufaransa. Ndivyo vijiji vya huku vilivyo. Nchi ina komuni karibu 35,000, na zaidi ya nusu hazifikishi watu 500. Meya wetu anafuga ng'ombe, na katibu anafungua ofisi, yaani mairie, alasiri mbili tu kwa wiki.

Mama yangu alitaka kuja kutoka Moshi kwa wiki sita. Kwa ajili ya viza ya mgeni, mwenyeji anaomba mairie karatasi iitwayo attestation d'accueil, yaani uthibitisho kwamba atampokea mgeni nyumbani kwake. Unapeleka kitambulisho au kibali cha ukaazi, uthibitisho wa makazi na wa kipato, na stempu ya ushuru ya yuro 30. Hairudishwi hata ukikataliwa.

Nilipeleka faili mapema Mei, nikasubiri. Nyumbani tumezoea: ofisi ikikaa kimya, faili liko mezani, unakumbusha kwa upole. Huku sivyo. Mwezi mmoja ukipita bila jibu, kisheria umekataliwa. Hakuna barua, hakuna simu. Kuanzia hapo una miezi miwili tu ya kukata rufaa kwa prefe, mwakilishi wa serikali kuu katika eneo hilo. Mimi niliendelea kusalimia na kusubiri. Agosti ofisi ikafungwa kwa likizo, na Septemba ndipo nikaelezwa kuwa nimechelewa kotekote. Nikaanza upya, yuro 30 nyingine, na tiketi ya mama ilishanunuliwa.

Kwa hiyo omba risiti yenye tarehe siku unayokabidhi faili. Usimpe meya karatasi barabarani hata kama amesimamisha trekta kukusalimia. Hesabu siku thelathini. Narudia, zihesabu: kimya ni hapana.

Kilichoniponza ni ukarimu wao. Jirani aliniletea maboga na mayai, nikajiona ndugu, nikadhani jambo langu litasukumwa. Watu hawa wanakupenda kwa dhati, lakini undugu hauingii kwenye faili. Awali niliona ni ubaridi. Sasa naona kuna heshima ndani yake, maana hakuna anayekudai chai. Ila anza na "bonjour" kabla ya swali lolote. Ukiiruka, umeshamuudhi mtu.

Na ninyi wapendwa wa nyumbani, acheni kusema "ongea tu na mwenyekiti wa kijiji akupe barua". Hii si barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Kwa kusaini, mwenyeji anabeba gharama za mgeni akishindwa kujilipia. Shangazi zangu, picha ya WhatsApp haitoshi, mgeni anahitaji karatasi halisi, kwa hiyo mwenyeji aitume kwa kampuni ya vifurushi. Tiketi msinunue kabla ya viza, kwani karatasi hii haimhakikishii mtu viza. Bima ya safari iwe ya angalau yuro 30,000.

Mwenye mgeni wa Julai apeleke faili Machi, kabla likizo hazijaanza kukimbizana na siku zake thelathini.