Damu mbichi kwenye sanamu ndogo

Nyekundu ya kawaida ikikauka inabaki rangi tu. Tumia X-27 ya Tamiya, kampuni ya rangi za modeli: ni nyekundu inayopitisha mwanga: matone matano kwa tone moja la X-19, ile ya kimoshi, la sivyo utapata sharubati. Vanishi isiyong'aa itangulie. Ukiipaka juu ya damu, umajimaji wote unapotea. Weka nzito kwenye makali ya upanga, ipungue kuelekea mpini. Kwa marasharasha, chovya mswaki mkuukuu, ufute kwenye karatasi hadi ubaki na unyevu kidogo tu, kisha vuta nywele zake kwa kidole gumba, ukielekeza kule pigo lilikoelekea. Iliyoganda ni kahawia, na hiyo haing'ai. Brashi ioshe mara moja kwa spiriti. Ikishakauka, maji hayafui dafu.