Kuandika historia ya chuo cha afya cha kanisa: mfano wa Bugando, Mwanza

Kosa la kwanza la waandishi wengi ni kuipa hospitali na chuo tarehe moja ya kuzaliwa. Hospitali ya Bugando ilifunguliwa 1971. Chuo kikuu kilianza 2003, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Ni miaka 32 kati yake.

Chora safu nne: jengo, mwenye mali, mafunzo, jina. Kila tukio liingie safu yake tu. Safu ya mwenye mali ndiyo yenye mambo: serikali iliitaifisha hospitali muda mfupi baada ya kufunguliwa, ikairudisha kwa Kanisa Katoliki 1985. Ukiandika "hospitali ya kanisa tangu 1971" umefuta zaidi ya muongo mzima.

Safu ya jina nayo ina mtego. Cheti hubeba jina la chuo la wakati ule, kwa hiyo usimpe mhitimu jina la leo.

Hesabu pia. Shahada ya udaktari huchukua miaka 5, kwa hiyo walioanza 2003 hawakuweza kumaliza kabla ya 2008. Picha iliyoandikwa "madaktari wetu wa kwanza, 2005" ina walakini. Geuza nyuma, mara nyingi tarehe halisi iko pale kwa penseli.

Unapohoji muuguzi mstaafu, usimuulize mwaka. Muulize, "Mama, ilikuwa kabla au baada ya Papa kuja?" Yohane Paulo II alikuja Tanzania Septemba 1990. Kisha tafuta barua au muhtasari wa kikao wa kuthibitisha.